Aliyeketi Juu ya Mayai

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Halafu shikamoo ya pili, maana nina hakika ile ya kwanza umeisoma ukiwa na pini mdomoni na hukuweza kuitikia vizuri. Unaendeleaje? Goti limetulia, au bado linakusumbua unapokanyaga cherehani? Shangazi yuko salama? Na yule paka anayelala kwenye kapu la vitambaa, bado mnagombana kila mteja akija? Mimi ni mzima wa afya, tena mzima kupita kiasi. Nikipanda ngazi za nyumba yetu najikuta naimba, na jirani wa chini amekwisha kuniuliza kama tumenunua redio mpya.

Mume wangu anakuamkia sana. Baba, bado nalitamka hilo neno "mume wangu" polepole, kama mtu anayenyonya peremende na hataki iishe. Vyumba vyetu ni viwili tu, juu ya duka la magodoro, na dirisha la chumbani linatazama ukuta wa nyuma wa kiwanda cha mikate, kwa hiyo tunaamka nyumba nzima ikinukia mkate wa moto hata kama kabatini hatuna kipande. Asubuhi yeye huizima saa kabla haijalia ili nisishtuke. Kisha hukaa akinitazama na kusema anakusanya nguvu za kutwa. Najua hapo umekunja uso na kusema watoto wa siku hizi hawana haya. Nisamehe. Nimekosa pa kuiweka furaha hii yote.

Sasa, kabla hujaendelea kusoma, weka mkasi chini na ukae. Barua yako ya mwisho imetutia kiwewe humu ndani. Uliandika kwamba mume wangu akutumie dawa ya goti, na kwamba Shangazi amekwisha kuwaahidi majirani, yule mama muuza mkaa mwenye nyonga na yule mzee wa pale kona aliyeteguka bega, kuwa mkwe wenu akija likizo atawanyoosha wote kwa siku moja. Nilimsomea mume wangu kwa sauti. Alicheka mpaka akateleza kitini akakaa sakafuni. Halafu kicheko kikakatika ghafla, akanitazama kwa macho ya mtu aliyekamatwa, akaniuliza kama kweli Baba alimwoza binti yake akidhani yeye ni mganga wa viungo.

Tukaanza kukumbuka. Siku walipokuja kuniposa ulimuuliza mjomba wake kijana anafanya kazi gani, na mjomba wake, ambaye hajawahi kutumia maneno manne pale matatu yakitosha, akajibu kwamba kijana ni fundi wa mifupa. Nyote mkatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa chumba cha pili, sikio nimelibana ukutani, na kwa kuwa nilijua anafanya kazi makumbusho sikusikia kosa lolote. Shangazi, naambiwa, alikuwa tayari anapandisha sketi amwonyeshe goti lake palepale.

Basi ukweli ni huu, na ushike meza. Mkweo ni fundi wa mifupa kweli, lakini hajawahi kumgusa mgonjwa. Wagonjwa wake walikufa kabla binadamu wa kwanza hajazaliwa. Anasafisha na kuunganisha mifupa ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa zamani waliogeuka mawe ardhini. Ameniomba nikuandikie bila kuchelewa, asije akaonekana tapeli. Anasema ukihisi umedanganywa yuko tayari kuja kukupigia magoti, ingawa kuhusu goti lako wewe hana msaada wowote.

Usidhani mwanao aliingia macho wazi. Unakumbuka nilipokuwa nauza kwenye duka la vifaa vya kuandikia? Yeye alikuwa mteja wa brashi ndogondogo na gundi, kila akija brashi na gundi, mpaka nikajiuliza mtu huyu anapaka nini. Aliniambia anasafisha mifupa ya kale. Nikafikiria mifupa ya kadiri ya ng'ombe, imepangwa kwenye kabati la kioo na kibao kidogo mbele yake. Wiki ya kwanza ya ndoa nikampelekea chakula cha mchana. Mlinzi wa getini akaniambia, tena bila kutabasamu, kwamba Fundi yuko ndani ya Mnara, nipite tu nitaona miguu yake. Nikaingia karakana. Baba, nilisimama kando ya mguu mmoja wa mnyama na kichwa changu kikafika gotini tu. Huko juu, katikati ya mbavu ndefu kama boriti za paa, niliona soli mbili za viatu ninavyovijua, na mume wangu wa siku chache akining'inia humo akikaza skrubu na kupiga mluzi. Bakuli liliniponyoka. Nilipiga ukelele mpaka watu wakatoka ofisini wakidhani kuta zimeanguka. Tangu siku hiyo wafanyakazi wote wananiita Bi King'ora.

Huyo Mnara ni wa ukoo wa wenye shingo ndefu. Alikula majani tu. Wala hakutafuna, alichuma na kumeza, kazi akaliachia tumbo, na tumbo lenyewe lingeweza kuwa sebule yetu. Meno yake yalipochakaa yalitoka mengine chini yake, maisha yake yote. Lakini lililonimaliza nguvu ni kwamba mnyama huyo, mzito kuliko malori kadhaa, alianzia ndani ya yai lisilozidi mpira wa miguu. Niliposikia hilo nililazimika kukaa juu ya kreti, na mume wangu akanikimbilia na maji.

Tangu hapo kila siku nilirudi na kila siku nilishtuka. Kuna mmoja wanamwita Sahani, ana mabamba yamesimama mgongoni mstari mzima kama sahani kwenye kichanja, na mkiani ana miiba ya kupigia adui, lakini ubongo wake ulikuwa mdogo ajabu kwa mwili ule. Kuna Pembe Tatu, mwenye ngao ya mfupa shingoni na mdomo kama wa kasuku. Kuna Bwana Rungu aliyevaa magamba ya mfupa mpaka kwenye kope za macho, Baba, kope, na mwisho wa mkia ana donge la kuvunjia miguu ya wanaomfuata. Na yuko Meno, mla nyama mkubwa kuliko wote ukumbini. Jino lake moja kubwa ni refu kuliko kiganja changu, lakini mikono yake ni mifupi hata hawezi kujikuna pua. Mume wangu anasema kama angeishi leo asingeweza kuvaa shati uliloshona wewe, labda umkatie mikono ya mtoto mchanga.

Mimi nilidhani wote hao waliishi pamoja, huyu akimkimbiza yule. Mwanamke mmoja pale, tunamwita Daktari ingawa naye hatibu mtu, ndiye msomi wa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, hapo makumbusho. Aliniambia kwamba Sahani alikuwa jiwe zamani sana kabla Meno hajazaliwa, na kwamba muda uliowatenganisha hao wawili ni mrefu kuliko ule unaotutenganisha sisi na Meno. Nililiwaza jambo hilo mpaka nikasahau chumvi kwenye chakula cha jioni. Mume wangu alikula chote bila kusema neno. Niambie, huyo si malaika?

Na hawakuisha wote! Jiwe kubwa kutoka angani lilipoigonga dunia, moto na vumbi na giza vikamaliza wakubwa, lakini baadhi ya wadogo wenye manyoya wakapona, na uzao wao ndio ndege. Wale kuku wa jirani wanaokuchafulia kizingiti, Baba, ni dinosaria. Nilikataa katakata. Mume wangu akanishika mkono akanipeleka kwenye mguu wa Meno, nikahesabu vidole vitatu mbele, nikauona mguu wa kuku mtupu, ila mkubwa wa kutosha kuuziba mlango wetu. Ndipo akasema kwamba kwa kuwa wewe Baba umeniita Chiriku, jina la ndege, tangu utotoni, basi hakuna haja ya kwenda kazini kumtafuta dinosaria.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana hayo yote ni ya kukuandaa tu.

Siku moja walikuja wanafunzi wa shule ya msingi. Daktari alikuwa anawaeleza kwa maneno yake ya kitabu, na watoto walikuwa wamelegea kama nguo zilizoanikwa. Aliitwa kwenye simu. Mimi nilikuwa pale na bakuli langu. Mtoto mmoja akaniuliza Mnara alikuwa anakunya wapi, nikamjibu, na kabla sijajua nimezungukwa na darasa zima, naonyesha Bwana Rungu anavyozungusha mkia. Nilipogeuka nikamkuta Mkurugenzi wa makumbusho amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Nilitaka ardhi inimeze. Badala yake aliniita ofisini akaniambia ukumbi wa dinosaria utafunguliwa karibuni na wanahitaji mtu wa kuandika vibao kwa Kiswahili kinachoeleweka na kuwaeleza wageni. Atanijaribu hadi siku ya ufunguzi. Siku hiyo ataamua kama kazi ni yangu. Akaongeza kwamba hatavumilia kosa hata moja ukutani, kwa sababu watoto wataondoka nalo nyumbani na hatawapata tena kuwasahihisha.

Baba, wewe unajua nilivyolia shule ilipoishia kidato cha nne kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Unajua ulivyoniambia usiku huo kwamba nisikubali kuwa mtu wa kungoja kupewa. Nilitoka ofisini kwa Mkurugenzi nikakimbia hadi karakana na kumrukia mume wangu akiwa na plasta mikononi, na alama za vidole vyake hazijatoka kwenye gauni langu mpaka leo. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa kukupa tumaini halafu nikalikosa. Niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu, ukimtoa yeye.

Nikaandika vibao. Daktari alikuwa safarini kwenye machimbo, lakini aliniachia maelezo yake yote, mimi nikawa nayatafsiri kutoka Kiswahili chake kwenda Kiswahili cha watu. Nilimwandikia Tarumbeta, mwenye mdomo wa bata na bomba la mfupa kichwani ambalo huenda alilitumia kupigia sauti, nikaeleza jinsi ndugu zake walivyotaga mahali pamoja, viota jirani na viota. Yote yalikwenda vizuri mpaka tukafika kwa Mwizi.

Mwizi ndiye pambo la ukumbi. Si mkubwa, lakini amewekwa katikati, na mume wangu amemfanya si mifupa tu bali na mwili wa kuigiza wenye manyoya, unyoya mmoja mmoja, kazi ya miezi. Ana mdomo wa ndege usio na meno. Wa kwanza wa aina yake alipochimbwa alikutwa juu ya kiota chenye mayai, na wataalamu wakaamua kwamba alikuwa anaiba mayai ya mwingine akafia kwenye wizi. Wakampa jina hilo, Mwizi wa Mayai, na akalibeba miaka na miaka. Halafu wakapatikana wengine wa ukoo wake wamekaa juu ya viota vivyo hivyo, miguu imekunjwa, mikono imetandazwa pande zote kuyafunika mayai, na ndani ya yai la namna ile wakakuta kitoto cha aina yao wenyewe. Mayai yalikuwa yao. Hawakuwa wanaiba, walikuwa wanaatamia, mchanga ukawafunika palepale na hawakuondoka.

Niliposoma hayo nililia kwenye karatasi za Daktari. Nikaandika maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na mchora mabango akayaandika juu ya ukuta kwa herufi kubwa za bluu, yasomeke kutoka mlangoni: MAMA ALIYEKATAA KUONDOKA. Chini yake aya nzima ya mama na mayai yake, mama na mabawa yake, mama na mchanga. Mume wangu alisimama akaitazama, akaniambia kwamba sasa kazi yake imepata sauti. Nilielea juu ya sakafu, Baba.

Siku moja kabla ya ufunguzi Daktari akarudi, bado ana vumbi la machimbo kwenye nyusi. Alizunguka ukumbi kibao kwa kibao akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika ukutani. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akanigeukia akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Nani alikuambia ni mama?"

Nikamjibu kwamba ni maelezo yake mwenyewe. Akasema niyalete. Nikayaleta, nikapitisha kidole mstari kwa mstari nikilitafuta neno hilo. Alikuwa ameandika kwamba alikutwa ameketi, alikuwa ameyafunika mayai, mikono yake ilikuwa imetandazwa. Alikutwa, alikuwa, yeye, yake. Hakuna mahali palipoandikwa mama. Kiswahili chetu hakikumwambia mtu kama ni mwanamke au mwanamume, na pengo hilo nililijaza mimi mwenyewe, bila hata kusita, kama mtu anayejifunga kamba za viatu gizani.

Daktari akanieleza. Ndege jike anapokaribia kutaga huweka akiba ya madini ndani ya mifupa ya miguu. Watafiti wameichunguza mifupa ya baadhi ya hao waliokutwa viotoni wasiione akiba hiyo. Tena, mayai yale ni mengi mno kwa mwili ule, kama yalivyo kwa ndege ambao baba ndiye anayeatamia au anayeshika zamu, mfano mbuni. Haijathibitishwa, alisema, wapo wanaobisha, lakini kwa hayo yaliyoonekana, yule aliyekataa kuondoka huenda alikuwa baba.

Baba yangu, nilihisi kama mtu amenimwagia ndoo ya maji. Kazi ilikuwa inaponyoka, hilo nililijua, lakini si hilo lililonitetemesha. Nilimtazama yule mnyama na mikono yake iliyotandazwa, na nikakuona wewe. Mama alitutoka nikiwa bado natambaa. Nani alinibeba mgongoni kwa kipande cha kitambaa cha mteja huku akishona? Nani alikaa kwenye benchi la kliniki katikati ya wanawake, nesi akiuliza kila mara mama wa mtoto huyu yuko wapi, na yeye akinyanyuka kila mara na kusema nipo? Nilipopata surua nani alilala ameketi siku ngapi sijui, mimi kifuani, hadi shingo yake ikakakamaa na wateja wakafuata nguo zao dirishani? Umenisuka nywele, Baba, mistari yote ikienda kulia kwa sababu unashika kitana kwa mkono wa kushoto. Mimi, mtoto aliyeatamiwa na baba, niliulizwa na ukuta mtupu ni nani hukaa juu ya mayai, na nikaandika mama kwa herufi za bluu. Bi King'ora mzima hakupata sauti.

Mkurugenzi akaingia wakati huohuo. Alisoma nyuso zetu kabla ya ukuta. Daktari hakunificha wala hakunikandamiza, alisema lilivyo. Mkurugenzi akauliza imekuwaje, na mume wangu akapiga hatua mbele akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyekuwa akimwita mnyama huyo mama karakanani. Ulikuwa uongo mtupu wa mapenzi, maana karakanani humwita Mwizi, na nilimpenda upya papo hapo. Lakini nikamvuta shati nikasema hapana, neno nimeliweka mimi. Mkurugenzi akasema basi ukuta upakwe rangi nyeupe, na maelezo ya Daktari yabandikwe yalivyo. Alitazama saa yake, na mimi nikajua kazi imeniponyoka.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilimwambia kwamba kama mimi nimefanya kosa hilo, mimi niliyelelewa na baba fundi cherehani peke yake, basi kila mtoto atakayeingia kesho atalifanya, hata asipoandikiwa. Kuliondoa neno hakutoshi, kwa sababu ukiwaachia "yeye" wataweka mama wenyewe. Ni lazima ukuta uwaulize. Nikamwomba jioni hiyo tu. Mkurugenzi akamtazama Daktari, Daktari akatikisa kichwa kukubali, nami nikaenda kumtafuta mchora mabango kabla hajavua ovaroli.

Asubuhi ya ufunguzi rangi ilikuwa bado inanata. Ukuta ulisema: MZAZI ALIYEKATAA KUONDOKA. Chini nikaeleza walivyomsingizia wizi, walivyojua baadaye kwamba mayai ni yake, na kwamba mpaka leo hatuna hakika kama ni mama au baba, ingawa baadhi ya mifupa inaelekeza kwa baba. Mstari wa mwisho ukauliza: Wewe ulimwona nani uliposoma? Watu walijaa, Baba. Nilieleza hadi koo likakauka. Pale kwa Mwizi wakaanza kubishana, wake na waume zao, wanafunzi na walimu wao. Mwanamume mmoja wa makamo aliusoma ukuta peke yake, akatoa miwani, akaifuta, akausoma upya. Mkurugenzi alisimama pembeni akiwatazama wanaosoma.

Watu walipopungua akatuita, mimi, mume wangu na Daktari, palepale mbele ya kiota. Akasema kazi ni yangu. Nitaanza rasmi mwaka mpya wa shule utakapofunguliwa, na muhula huo wa kwanza anataka niwepo bila kukosa kwa sababu shule zote zitamiminika. Nilipaswa kuruka. Badala yake nilianza kuhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, na mdomo wangu, ambao wewe unaujua, ukafunguka wenyewe.

Baba, mimi ni mjamzito. Na mtoto, Mungu akijalia, atazaliwa muhula huohuo utakapokuwa unafunguliwa. Nilikuwa nimejua tangu wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimepanga kumwambia mume wangu baada ya ufunguzi, tukiwa wawili, nimeshaandaa hata gauni la kuvaa. Badala yake nilimwambia Mkurugenzi, kwa sauti, mbele ya Daktari na wageni wawili waliokuwa wakitafuta mlango wa kutokea. Nilisema siwezi kuichukua kazi kwa kuficha jambo. Mume wangu alinitazama. Akatazama tumbo langu. Akakaa chini kwenye ukingo wa kiota, katikati ya mayai yake ya plasta, na moja likapasuka chini yake, tukalisikia wote.

Kisha Mkurugenzi akauliza, si kwa ubaya, mtoto atabaki na nani.

"Mimi," alisema mume wangu, bado amekaa.

Mkurugenzi akamuuliza, wewe? Akajibu ndiyo, yeye. Kazi ya brashi ya mifupa midogo anaweza kuifanyia nyumbani, mezani, mtoto akiwa pembeni, na karakana ataingia mimi nikirudi. Akasema hawezi kutengeneza kiota kizuri namna hii kwa miezi yote halafu chake akikimbie. Daktari aligeuka akajifanya anakagua kibao. Mkurugenzi akaliangalia lile yai lililopasuka, akasema hilo litengenezwe kabla ya Jumatatu, na mpango huo ameukubali.

Basi unajua yote. Umepoteza mganga wa viungo, umepata mjukuu, na binti yako ana kazi yake mwenyewe. Mimi bado sijaamini. Nikiamka huweka mkono tumboni, kisha kwenye bega lake, kisha nafikiria ukuta ule, na kila mara nashtuka upya kama nimeambiwa leo.

Lakini barua hii siyo yangu peke yangu, kwa sababu mume wangu ana ombi, na ameniambia niliandike kama alivyolisema nisilipambe. Baba yake alikuwa dereva wa magari ya mizigo, mtu mwema, ila mara ya kwanza kumshika mkono mwanawe ilikuwa siku ya harusi yetu. Hajawahi kumwona mwanamume akimwogesha mtoto mchanga. Hajui mtoto hushikwaje. Hakuna mtu upande wao wa kumuuliza asichekwe. Kwa hiyo anasema: "Mwambie Baba aje anifundishe. Nitakuwa mwanagenzi wake, hata akinitukana."

Tafadhali njoo, Baba, na mapema. Amekwisha kuanza kujifunza mwenyewe kwa yai la plasta. Kila jioni huliosha kwenye beseni, hulifunga taulo na kulizungusha chumbani kifuani mwake, na kwa uangalifu mkubwa hushikilia upande ambao anadhani ndio kichwa.

Mfikishie Shangazi salamu nyingi, na umsaidie kuwaeleza wale majirani kwa upole. Mwambie paka akuachie kapu ufungashe mizigo. Uwe na afya njema, ule vizuri, usishone hadi macho yakawasha.

Ni mimi mwanao, ambaye mistari ya nywele zake ilikwenda kulia,

Chiriku